Weka sumaku mbali na kimondo

Jiwe lilifika maabara limefungwa kwa kitambaa, ukubwa wa ngumi, jeusi tii. Nilipolifungua nikakuta sumaku ndogo imeng'ang'ania ubavuni. Aliyelileta alitaka nione kwamba ni kimondo, na kweli kilikuwa kimondo. Lakini moyo uliniuma, kwa sababu kazi yangu ni kusoma kumbukumbu ya usumaku iliyomo ndani ya mawe haya, na sumaku ya namna ile huifuta papo hapo.

Ndani ya kimondo mna chembechembe za madini yenye chuma. Jiwe likipoa mahali penye uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi, usumaku wa chembe hizo huelekea uliko uga huo, na huweza kubaki hivyo mabilioni ya miaka. Hata moto wa kuingia angahewa hauufuti wote. Joto huyeyusha ngozi ya nje tu, ndiyo lile gamba jeusi jembamba, na milimita chache chini yake jiwe halihisi joto hilo. Kisha linaokotwa na mtu mwenye sumaku ya neodimiamu, yenye nguvu maelfu ya mara kuliko uga wa Dunia.

Hasara kubwa ninayoijua ni ya NWA 7034, jiwe la Mirihi lililotoka Sahara, maarufu kama Black Beauty. Lina zirkoni, fuwele ndogo ngumu za madini, zenye umri unaozidi miaka bilioni 4.4. Lingeweza kutusimulia uga wa sumaku wa Mirihi kabla haujazimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kumbukumbu hiyo imefunikwa na sumaku za mkononi.

Na sumaku yenyewe haithibitishi kitu! Magnetiti, madini ya chuma ya hapa duniani, hunasa, mavi ya chuma hunasa, na hayo ndiyo mengi ninayoletewa. Tumia macho. Tazama gamba, na mabonyeo kama ya dole gumba kwenye unga uliokandwa. Ukiona vitundu vya mapovu, karibu hakika si kimondo. Piga tupa pembe moja, kisha sogeza lenzi: katika vimondo vingi vya mawe utaona madoa ya chuma yanayong'aa, na vijiduara vidogo viitwavyo kondruli. Hivyo ni matone ya mwamba yaliyoganda kabla Dunia haijakamilika. Nimeviona maelfu, na bado hunisimamisha.

Oktoba 2008 kimondo kilipoanguka Sudan, baadaye mwanaastronomia Peter Jenniskens na mwenzake Muawia Shaddad waliwapanga mstari wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, wakatembea jangwani wakitafuta kwa macho. Walipata mamia ya vipande.

Jiwe langu la ngumi tulilikata. Nguvu ya sumaku hupungua haraka kwa umbali, kwa hiyo tulianzia upande wa pili. Humo tumepata vipande viwili, kila kimoja kama punje ya mchele, ambavyo mwelekeo wa usumaku wake haufanani na wa ile sumaku. Tunavipasha joto hatua kwa hatua na kuvipima upya kila vinapopoa, tuone kama kumbukumbu ya kale bado imo.