"Kuzima mazimwi" kwenye seva ya Minecraft: maana yake hasa

"Ami! Limelipua mlango!"

Ilikuwa baada ya tarawehe, hapa Wete. Watoto wa kaka yangu na wenzao wa jirani wamejipanga juu ya mkeka sebuleni, kila mmoja na kompyuta yake au ya kuazima, wote ndani ya ulimwengu mmoja wa Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa matofali, ninaouendesha kwenye mpakato wangu; mpakato huo ndio seva yetu, mashine ambayo wote wanaunganishwa nayo. Binti mkubwa wa kaka alikuwa amejenga nyumba kama zile za Mji Mkongwe: ua katikati, baraza mbele, na mlango mkubwa wa mbao nyeusi uliomchukua siku tatu. Kripa, lile dude la kijani, halina kishindo. Likishakukaribia linatoa mlio wa "sss" kwa sekunde moja na nusu, kisha linapasuka. Mlango ukaenda na nusu ya baraza.

Watoto wakasema kwa sauti moja: "Zima mazimwi!" Nikazima. Kesho yake nusu yao walikuwa wamenuna, na walikuwa na haki. Neno hilo moja linabeba mambo matatu yaliyo mbali kabisa, na mimi nilibonyeza bila kuuliza wanataka lipi.

La kwanza ni kushusha kiwango cha ugumu hadi Amani. Minecraft ina viwango vinne: Amani, Rahisi, Kawaida na Ngumu. Kwenye seva unafungua faili liitwalo server.properties, unaandika difficulty=peaceful, unaizima seva na kuiwasha tena. Au ukiwa ndani ya mchezo na una mamlaka ya msimamizi, unaandika /difficulty peaceful na jambo linakuwa papo hapo: mazombi, mifupa yenye pinde, kripa, wote wanatoweka. Hata yule uliyempa jina ukamfungia ndani umfuge, anatoweka. Na si hao tu. Katika Amani njaa haikushiki, na uhai ukipungua unarudi wenyewe haraka. Kuanguka kutoka juu bado kunaua, kuzama kunaua, na mwenzako akikupiga upanga utaumia vilevile. Lakini shamba la ngano halina kazi tena, kwa sababu hakuna anayehitaji mkate.

Hapo ndipo malalamiko yalipoanzia. Mtoto wa jirani alikuwa anakusanya baruti atengeneze fataki za Sikukuu. Baruti inatoka kwa kripa. Uzi wa upinde unatoka kwa buibui, mifupa ya mbolea inatoka kwa wale wapiga mishale. Anayetaka kufika ulimwengu wa mwisho kupambana na joka anahitaji vijiti vya moto vya bleizi, na bleizi naye ni zimwi. Ukizima wote umefunga na duka lao. Vitu vichache utavipata kwa njia nyingine, kwa kuvua samaki au kufungua masanduku yaliyofichwa, ila safari ya joka hasa inakuwa imefungwa, nayo ndiyo iliyokuwa ikiwaweka wale wakubwa macho hadi daku.

La pili ni kusimamisha kuzaliwa kwa viumbe. Kanuni yake ni doMobSpawning, nayo unaiweka false, yaani imezimwa, kwa amri ya gamerule, ile ya kubadilisha kanuni za mchezo. Wengi huidhani ni sawasawa na Amani. Sivyo. Kanuni hii haibagui: inazuia zombi na inazuia ng'ombe na samaki pia. Waliopo tayari hawaondoki kwa amri hiyo, na vile vizimba vya chuma vinavyotema mazimwi ndani ya magofu vinaendelea kutema kama kawaida. Njaa nayo ipo palepale. Kwa hiyo unaweza kujikuta kwenye kisiwa kisicho na kitoweo kinachojileta chenyewe, huku chini ya miguu yako kuna shimo linalotoa buibui. Inafaa kwa seva ya ujenzi mtupu, ambako wanyama wakizidi wanaielemea mashine. Kwa seva ya watu wanaoishi na kulima, naiona ni chaguo baya.

La tatu silo la kuzima viumbe, bali la kuwazuia wasiharibu. Kanuni yake ni mobGriefing. Ukiiweka false, kripa atapasuka na utaumia, hata kufa, lakini ukuta hautatoka hata tofali moja. Endamani naye, yule mrefu mweusi anayeng'oa udongo wa watu na kuondoka nao, ataacha mikono yake nje ya kiwanja chako. Baruti inapatikana, joka linafikika, mlango unabaki. Hili ndilo watoto walilokuwa wanalitaka tangu mwanzo, bila kulijua jina.

Nalo lina gharama yake, niliyoigundua baada ya wiki. Wanakijiji wa ndani ya mchezo, wale wakulima wenye kofia za ukindu, waliacha kuvuna. Karoti zimeiva, wao wanazipita tu. Mchezo unahesabu kuvuna kwa mkulima na kupasua ukuta kwa kripa kuwa kitu kimoja: kiumbe kubadilisha ulimwengu. Hata mkate ukiwatupia hawauokoti. Tukakubaliana kuvuna wenyewe.

Tahadhari moja ya kazi: baadhi ya majina ya kanuni yameandikwa upya katika matoleo ya karibuni. Anza na /gamerule kisha iache orodha ijitokeze yenyewe, uchague humo.

Na kabla ya amri yoyote kuna mwanga, njia ya zamani ninayoipenda kuliko zote. Zimwi la kawaida la usiku linahitaji giza ili lizaliwe. Tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021, giza hilo ni la sifuri kabisa: pasipo na mwanga wowote wa taa. Zamani kiwango cha 7 kushuka chini kilitosha kuwaleta. Mwenge mmoja unatoa 14, na mwanga unapungua kwa moja kila tofali unaloliacha nyuma, kwa hiyo mienge michache iliyotawanywa vizuri inaulinda mtaa mzima. Wanaokaa pwani wameona usiku wa dagaa karabai zinavyolikata giza baharini, duara kwa duara. Mienge ipange hivyohivyo, duara liguse duara. Mazimwi yatazaliwa porini, ila si barazani kwako. Yakitembea kuja, hilo ni suala la ukuta na lango.

Seva yetu sasa iko kwenye Rahisi, mobGriefing imezimwa, na njia kutoka kisimani hadi nyumba ya binti ina mienge pande zote mbili. Mlango ameujenga upya, mpana kuliko wa kwanza. Juzi mdogo wao wa miaka saba aliingia kwa mara ya kwanza, akakutana na zombi gizani, akanililia nizime mazimwi. Kabla sijafungua mdomo dada yake akamgeukia: "Unataka yasiwepo, au yasivunje?"

Akafikiri kidogo. "Yasivunje."

Dada akampa mienge minane.