Lengelenge la mguuni: usiwe na haraka ya kulitumbua

Kila Januari shule zinapofunguliwa, wapo watoto wanaorudi nyumbani wakichechemea. Kiatu ni kipya na kigumu, tena mara nyingi kimenunuliwa kikubwa ili kivaliwe hata mwakani. Mguu unacheza ndani, kisigino kinasuguliwa njia nzima, na jioni lengelenge limeshaota.

Kinachotokea ni kwamba ngozi ya juu inavutwa huku na huku wakati ya chini imetulia. Tabaka zake huachana, na nafasi hiyo hujaa majimaji yanayotoka kwenye mishipa ya damu. Jasho huharakisha mambo, kwa kuwa ngozi yenye unyevu hushikana zaidi na kiatu. Ndiyo maana anayevaa raba bila soksi huumia mapema.

Lengelenge dogo liache. Ile ngozi iliyotuna ndiyo bandeji bora kuliko yoyote ya dukani, maana inazuia vijidudu huku ngozi mpya ikijijenga chini yake. Lifunike kwa plasta, vaa ndala kwa muda, na kwa kawaida litakauka ndani ya siku 3 hadi 7.

Likiwa kubwa kiasi cha kukuzuia kutembea, linaweza kutobolewa. Nawa mikono, osha mguu kwa maji na sabuni, tumia sindano mpya ya duka la dawa. Toboa pembeni, kamua taratibu kwa kitambaa safi cha gozi, na ngozi usiichune hata ikilegea. Paka mafuta ya mgando, funika, badilisha bandeji kila siku. Pini ya nguo, majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa tunavikataa kabisa: vinachoma ngozi au kuingiza vijidudu, vikiwemo vya pepopunda.

Ukiona usaha, uvimbe unaoenea, joto, homa au mitoki, nenda kituo cha afya. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa mkono na ulinganishe na mguu wa pili.

Viatu vijaribiwe jioni, miguu ikiwa imetanuka, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya kama sentimita 1. Mtoto akikuambia kiatu kinambana au kinampwaya, msikilize.

Ninaowahofia zaidi ni wenye kisukari. Ugonjwa huu unaweza kuua hisia za miguu, kwa hiyo mtu hutembea na lengelenge siku nzima bila kujua, na kidonda kisichouma kinaweza kufikia mfupa na hata mguu kukatwa. Mwenye kisukari akague nyayo na katikati ya vidole kila jioni, na kama haoni vizuri, mtu wa nyumbani amsaidie. Akikuta lengelenge, hata dogo, asilitoboe. Aende kliniki mapema. Na yeyote anayepata malengelenge yasiyouma bila kuwa na kisukari naye apimwe, kwani ukoma pia hupoteza hisia, na tiba yake hutolewa bure.