Je, wajua kwa nini lugha ya kompyuta ya mwaka 1957 bado inatabiri upepo wa Malindi?

Nahodha wa Malindi akitaka kujua kama kusi itachachamaa kesho, hutazama mbingu, kisha hutazama simu. Ile mishale ya upepo kwenye simu mara nyingi hutokana na hesabu za ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, chenye makao Reading, Uingereza, na kompyuta zake kubwa Bologna, Italia. Mfumo unaopiga hesabu hizo, IFS, umeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Fortran, lugha ya programu iliyotolewa na IBM mwaka 1957, kazi ya John Backus na wenzake. Setilaiti iitwayo Uhuru iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapa Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, Fortran ilishatimiza miaka 13.

Vijana wanaoanza kusomea kompyuta leo, wengi huanza na Python. Ni lugha ya 1991, nyepesi kusoma, na imeenea kila pembe. Basi mbona haijaizika Fortran?

Jibu limo kwenye kazi yenyewe. Ili kutabiri upepo, anga ya dunia nzima hukatwa vipande. Katika IFS kila kipande kina upana wa takriban kilomita 9, na kutoka chini kwenda juu kuna tabaka 137. Kila kipande kina joto lake, unyevu wake na upepo wake, na kompyuta huvipitia vyote, kisha huanza tena kwa dakika chache zijazo, hivyo hivyo mpaka siku kumi mbele. Fortran ilizaliwa kwa hesabu za namna hii. Ukiandika:

joto = joto + muda * badiliko

na "joto" ikawa ni jedwali la mamilioni ya namba, mstari huo mmoja unazibadilisha zote. Tena kuna jambo lisiloonekana kwa macho. Kanuni za Fortran zinamzuia mwandishi kupitisha majedwali yanayoingiliana kwenye kumbukumbu ya kompyuta pale moja linapobadilishwa. Kwa hiyo kompaila, ile programu inayogeuza maandishi kuwa lugha ya mashine, hupanga hesabu kwa kasi bila hofu ya kuvuruga kitu. Katika lugha ya C, mwandishi lazima aitamke ahadi hiyo mwenyewe.

Python ikiachwa peke yake haiwezi mzigo huo. Ni ya polepole mno. Ndiyo maana hukopa nguvu kutoka chini. Mwanafunzi anayetatua milinganyo kwa NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, anaandika mistari mitatu tu ya Python, lakini kazi nzito hupelekwa LAPACK, mkusanyiko wa taratibu za hesabu ulioandikwa kwa Fortran. Wanaoziita lugha hizi mahasimu wanakosea, kwa maoni yangu: mpya imesimama mabegani mwa kongwe.

Halafu Fortran hutunza ahadi. Programu nyingi za Fortran 77, toleo la zamani la lugha hiyo, bado zinakubaliwa na kompaila za leo, ingawa lugha yenyewe imeendelea kukua hadi toleo la 2023. Python 3 ilipotoka 2008, haikuelewana na msimbo mwingi wa Python 2, na watu wakahangaika kuandika upya mpaka msaada wa toleo la zamani ulipokatwa tarehe 1 Januari 2020. Kituo chenye programu iliyojengwa na kusahihishwa kwa miongo hakiwezi kucheza hivyo, maana kosa dogo kwenye utabiri linamfikia mtu aliye baharini.

Tishio jipya ni akili mnemba. Februari 2025 ECMWF ilianza kutumia rasmi AIFS, utabiri unaojifunza kutokana na kumbukumbu za hali ya hewa, uliojengwa kwa zana za Python. Lakini kumbukumbu hizo, ziitwazo ERA5 na zinazoanzia mwaka 1940, zilitayarishwa kwa IFS. Na kila AIFS inapoanza kutabiri, picha ya anga ya saa hiyo huipokea kutoka IFS hiyo hiyo.

Ninachohofia zaidi ni upungufu wa watu. Watunzaji wa SciPy, ndugu wa NumPy, wameanza kuhamisha msimbo wao wa Fortran 77 kwenda lugha nyingine, kwa kuwa wanaoweza kuusoma na kuurekebisha wanapungua. Hapo ndipo lugha hufa kweli: programu inafanya kazi vizuri, lakini hakuna wa kuigusa.

Kwa kijana wa Malindi au Lamu aliyekwisha kuijua Python, mlango uko wazi. Kompaila ya gfortran ni ya bure na hufanya kazi kwenye laptopu ya kawaida. Andika faili lenye mwisho wa .f90, weka humo ule mstari wa joto, utangaze majedwali yake, kisha ujaze namba milioni moja katika kila moja. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kitanzi cha kawaida cha Python, yaani amri inayorudiwa namba kwa namba, upime muda wa kila moja.