Sanduku la uaminifu: kununua mboga wakati mwenyewe hayupo

Sanduku la uaminifu ni namna ya kuuza bila muuzaji kuwepo. Mkulima anaweka meza mbele ya geti lake, anapanga mayai, viazi, asali au maua, anaandika bei kwenye kipande cha ubao, na pembeni anaacha kibubu chenye tundu la kutumbukizia hela. Kisha anakwenda zake shambani. Anayepita akipenda kitu anachukua, analipa taslimu kwa bei iliyoandikwa, anaondoka. Hakuna wa kumpokea wala wa kuhesabu alichoweka.

Ukimweleza mtu wa Dar es Salaam habari hii, jambo la kwanza atakalokuuliza ni kama meza yenyewe haijabebwa. Swali ni la haki, lakini linatupeleka njia isiyo sahihi, kwa sababu linafanya jambo zima lionekane ni la watu wema wa huko na watu wabaya wa hapa. Ukiangalia kwa karibu utakuta kinachoamua kama sanduku litasimama barabarani au la ni hesabu zaidi kuliko tabia.

Utaratibu huu upo sehemu nyingi: vijiji vya Uingereza na visiwa vya Scotland, Ireland, New Zealand, Denmark, Uswisi. Ujerumani kuna mashamba ya maua pembeni ya barabara ambako unakata mwenyewe kwa kisu kilichoachwa hapohapo, unahesabu maua yako, unalipa kwenye sanduku. Japani vibanda vya mboga visivyo na muuzaji vinapatikana hata ndani ya Tokyo, kwenye mitaa kama ya Nerima na Setagaya ambako vipande vya mashamba vimebaki katikati ya nyumba, na bei iliyozoeleka ni yeni 100 kwa fungu, yaani sarafu moja tu. Wala si jambo la juzi. Kwenye vilabu vya pombe vya Uingereza vya karne ya 18 na 19 palikuwa na visanduku vya shaba vya tumbaku: unatumbukiza sarafu, kifuniko kinafunguka, unajaza kiko chako mara moja na kufunga. Hiyo mara moja ilikuwa juu ya dhamiri yako.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, hautoki kwa matajiri. Uko Mizoram, jimbo la milima kaskazini-mashariki mwa India, kwenye barabara kuu karibu na mji mdogo wa Seling. Wakulima wa pale wana vibanda vya mianzi kando ya barabara, vimepangwa mboga, matunda, samaki wakavu wadogo na chupa za juisi, bei zimeandikwa ubaoni, na mwenyewe hayupo. Kuna chombo cha kuweka hela, na pembeni yake chombo kingine cha kuchukulia chenji. Umekuja na noti kubwa? Unaweka noti huku, unajihesabia chenji kule, unaendelea na safari. Wenye vibanda ni watu wa mashamba madogo ya mlimani. Hawana uwezo wa kumlipa mtu akae kibandani, na wao wenyewe wakikaa hapo hakuna atakayepalilia.

Hapo ndipo penye siri ya sanduku. Mtu anaacha meza peke yake pale ambapo kuilinda kunamgharimu zaidi ya kuibiwa. Mkulima wa Uingereza mwenye trei mbili za mayai yaliyozidi mahitaji ya nyumbani hawezi kumwajiri mtu ayauze, kwa sababu ujira wa siku moja tu unameza meza nzima na kibubu chake. Mkulima wa Mizoram hana ujira wa kutoa, lakini ana jembe linalomsubiri. Wote wawili wamepima na kuona kwamba afadhali wapoteze kidogo kuliko kukaa kutwa wakingoja wateja wachache. Wizi umeshaingizwa kwenye hesabu, kama vile mwuza nyanya anavyojua tangu asubuhi kwamba chini ya tenga kuna zilizopondeka.

Huo wizi ni kiasi gani? Hesabu nzuri iliachwa na Mmarekani mmoja, Paul Feldman, aliyeacha kazi yake mwaka 1984 akaanza kusambaza bagel, mikate ya duara yenye tundu katikati, kwenye ofisi za Washington na viunga vyake. Asubuhi anaacha mikate na chombo cha hela, baadaye anarudi kukusanya, na kila siku anaandika. Kwa ujumla alilipwa karibu asilimia 90 ya mikate iliyoliwa. Ofisi ndogo zililipa vizuri kuliko kubwa, jambo ambalo aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya watu wanane na ya watu mia tatu hatalishangaa. Mwanzoni aliacha vikapu vya wazi, hela zikawa zinaondoka. Akahamia masanduku ya mbao yenye tundu. Hapo ndipo kwenye jibu la yule aliyeuliza kuhusu meza kubebwa: katika masanduku yapatayo 7,000 aliyoyapeleka kwa mwaka, lililoibwa lenyewe lilikuwa kama moja. Watu wanaokula mkate bila kulipa ni wengi. Wanaoweza kubeba sanduku la hela na kuondoka nalo ni wachache mno. Kutokulipa mtu anaweza kujidanganya kwamba amesahau au atalipa kesho, ila kubeba sanduku hakuna jina lingine.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwenye sanduku la chai na kahawa la wafanyakazi. Juu ya tangazo la bei walibandika picha, wiki moja ya macho ya mtu, wiki inayofuata ya maua. Wiki za macho watu walilipa karibu mara tatu ya wiki za maua. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote na matokeo hayo, kwa hiyo usikimbilie kuchora macho kwenye genge lako. Wakulima wengi siku hizi hawahangaiki na picha. New Zealand na Uingereza wapo waliofunga kamera baada ya kuibiwa, na Japani baadhi ya vibanda vimegeuka makabati ya vioo ambayo hayafunguki mpaka utumbukize sarafu. Hilo la mwisho si sanduku la uaminifu tena, ni mashine.

Sasa turudi Dar es Salaam. Kwa nini huoni kibubu kwenye genge la mtaani kwenu?

Angalia mama wa genge anachofanya kutwa nzima. Amekwenda Mabibo au Ilala alfajiri, amechukua tenga la nyanya, kiroba cha vitunguu, karoti, hoho, na mchicha umeletwa na mkulima wa bondeni. Amegawa mafungu. Anayekuja na 300 badala ya 500 anamtolea nyanya moja kwenye fungu na kumpa zilizobaki. Anakuchagulia parachichi la leo na la keshokutwa kwa kubonyeza kwa kidole gumba. Anakatakata mboga, anatwanga kisamvu, anakuna nazi kwa anayemwachia hela ya ziada. Anakuongeza kitunguu kimoja kwa kuwa wewe ni mteja. Jioni anapunguza bei ya mchicha ulioanza kulegea, maana ukilala hauuziki. Anavunja noti ya 10,000 ya asubuhi asubuhi huku akilalamika. Na ana daftari la wanaokopa, wengine wamo humo tangu mwezi uliopita. Kati ya kazi zote hizo, sanduku linaweza moja tu, nayo ni ya kupokea hela.

Halafu kuna mtaji. Mkulima wa mayai anauza kilichomzidi nyumbani kwake. Mama wa genge anauza alichonunua, pengine kwa mkopo wa kausha damu unaotaka marejesho kila wiki. Tuseme ameingiza mzigo wa 20,000, na ukiisha wote anapata 26,000. Faida ni 6,000. Sasa mpe wateja wa Feldman, ambao ni waaminifu kwa kipimo cha kawaida, wanaolipa tisa katika kumi. Mauzo yanashuka hadi 23,400, faida inabaki 3,400. Karibu nusu ya faida imeondoka na watu wasiomlipa, na hapo hakuna aliyefanya ujambazi wowote, ni huyu kasahau na yule hana chenji. Ndiyo maana yeye hawezi kwenda zake. Hana mahali pengine pa kwenda kuzalisha zaidi ya hapo mezani, na biashara yake haina nafasi ya kubeba hata hiyo asilimia kumi.

Mahali pia pana neno lake. Sanduku la Scotland limesimama kwenye ardhi ya mwenye shamba, mbele ya geti lake. Genge la Dar mara nyingi liko kwenye hifadhi ya barabara au uso wa nyumba ya mtu. Meza iliyoachwa bila mwenyewe hapo haimngoji mwizi, mgambo wanatosha.

Chenji ndiyo inayomaliza. Sanduku linataka bei inayolipika kwa sarafu moja au noti moja. Sarafu yetu ya 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ingefaa kabisa, na bei za mafungu mengi zinakaa juu yake. Lakini mteja akiwa na 2,000 na anataka fungu moja, hana la kufanya, na chombo cha chenji cha Mizoram sioni kikifika saa nne asubuhi pale Manzese.

Pamoja na hayo yote, kununua bila mwenyewe kuwepo ni jambo la kila siku Dar, ila hatuliwekei sanduku. Nenda genge lolote Ijumaa mchana. Mafungu yamefunikwa kanga, stuli imelazwa mbele ya meza, mwenyewe amekwenda kuswali. Mteja wa siku zote akija haondoki mikono mitupu. Anainua pembe ya kanga, anachukua fungu la nyanya na vitunguu viwili, anamgeukia fundi viatu wa jirani: "Mwambie mama nimechukua nyanya na vitunguu, hela yake hii." Fundi anapokea bila kuacha kushona, anaiweka chini ya kopo la gundi, mbali na hela zake mwenyewe. Mama akirudi anapewa hela na maelezo, nani, kachukua nini, kabakiza ngapi. Kesho yake zamu ni ya mama kumwangalizia fundi viatu vya watu.

Tofauti na sanduku ni kwamba hapa hela haiachwi na chombo, inaachwa na mtu anayejulikana, na inaambatana na ujumbe. Mgeni wa mtaa hawezi kununua hivyo. Akiinua kanga ataulizwa na watu watatu. Sanduku la kijijini Uingereza linampokea hata mtalii aliyepotea njia, na kwa upande huo lina ukarimu ambao mfumo wetu hauna. Wetu kwa upande wake unaweza kubeba deni, jambo ambalo kibubu hakiwezi.

Pembezoni, kule Goba, Madale, Kigamboni, utakuta kitu kinachokaribiana zaidi na sanduku: kibao cha "Mayai yanauzwa hapa" au "Maziwa yapo" kwenye geti la nyumba. Mfugaji anauza kwake, kwenye ardhi yake, mali aliyozalisha mwenyewe, sawa kabisa na yule wa ng'ambo. Masharti yote yapo. Lakini unabisha hodi, na mtoto anatumwa kuleta trei na kupokea hela. Almradi nyumbani kuna mtoto au binti wa kazi, kibubu hakihitajiki. Nadhani siku familia hizo zitakaposhinda kazini na shuleni geti likiwa limefungwa, ndipo tutakapoona vibubu vya kwanza.

Ofisini tayari vipo. Mfanyakazi anakuja na ndoo ya kashata, karanga au mayai ya kuchemsha, anaiacha mezani na karatasi ya majina pembeni, anaendelea na kazi zake. Unachukua, unaandika, unalipa au unasubiri mshahara. Hilo ni sanduku la uaminifu kamili, isipokuwa lina majina, na mwisho wa mwezi lina mtu anayepita mezani kwako akitabasamu.

Kinachoweza kubadilisha mambo barabarani ni lipa namba. Denmark wenye vibanda vya pembeni ya barabara wanaandika namba ya MobilePay, mfumo wao wa kulipa kwa simu, kwa wasio na sarafu, Uswisi wanabandika msimbo wa Twint, mfumo wa aina hiyohiyo. Dar magenge mengi yameshaning'iniza kadi ya lipa namba, tena kwa mtu wa hapa tatizo la chenji linaisha hapohapo: fungu la 700 linalipwa 700. Mwenye meza akiwa msikitini au sokoni ujumbe unamfikia, na anajua nani kalipa na saa ngapi, kitu ambacho kibubu hakikuwahi kumwambia mtu. Kuna makato ya kuhesabu, na kuna wajanja wanaoweza kubandika namba yao juu ya ya mwenyewe asipokuwepo. Kwa hiyo ukinunua kwenye meza isiyo na mtu, kabla hujaweka namba ya siri soma jina lililotokea kwenye simu. Likiwa si la mwenye mboga, muulize fundi viatu.