Damu ikishadondoka huyo mnyama ni wako: tunayodanganyana kuhusu mnyama aliyejeruhiwa

Watu wengi wakisikia uwindaji wanawaza bunduki, mlio, mnyama chini, picha, basi imeisha. Mi nilianza kwenye vitalu vya uwindaji kusini mwa Tanzania nikiwa mbeba maji, baadaye nikapandishwa nikawa mfuata nyayo, na nakwambia kazi nzito kuliko zote ni ile inayoanza pale risasi imempata mnyama vibaya na kaondoka nayo. Hapo ndo unamjua mwindaji. Sasa kuna maneno mengi yanazunguka, mengine nimeyasikia kwa wageni wenye bunduki za bei mbaya, mengine kwa vijana wa kijijini wenye leseni ya swala mmoja, na mengi hayana ukweli, na kila uongo mmoja maana yake kuna mnyama kaoza porini na mateso yake.

Tuanze na hili: "akipigwa vizuri anaanguka palepale, akikimbia ujue umemkosa." Hapana. Swala pala aliyepigwa moyo kabisa anaweza kutoka mbio hata mita 100 ndo aanguke, maana damu iliyokwisha fika kwenye ubongo na misuli inamtosha kwa sekunde kadhaa, na hizo sekunde kwa swala ni mwendo mrefu. Anayeanguka hapohapo mara nyingi kavunjwa uti wa mgongo au kapigwa kichwa. Na kuna mwingine anaanguka kwa sababu risasi imepita juu kidogo ya uti imemtikisa tu, nyie mmeshaanza kushikana mikono, dakika haijaisha kasimama huyo kaingia kichakani na hamjui hata kaelekea wapi. Kwa hiyo akianguka usishangilie, pakia risasi nyingine chemba na uendelee kumwangalia, na akikimbia usikate tamaa, angalia alivyokimbia, alikunja mgongo? alirusha miguu ya nyuma? mguu mmoja unaning'inia? aliachana na wenzake? Yote hayo ni habari, na habari hiyo hairudiwi.

La pili ndo limeniudhi zaidi maishani: "hakuna damu, basi nimekosa."

Nikupe kisa. Mgeni mmoja alimpiga kongoni alasiri hivi, saa tisa kasoro, umbali wa kawaida tu. Kongoni akakunja mgongo kidogo kama mtu mwenye tumbo linalouma, akatembea, wala hakukimbia, akapotelea kwenye miombo. Mgeni akasema nimekosa, twendeni. Mzee wetu wa nyayo, ambaye kwa kweli ndo aliyenifundisha kila kitu, hakujibu neno. Akamwacha kijana mmoja asimame pale pale risasi ilipotokea ili tusipoteze mstari, alafu akaenda mpaka pale kongoni alipokuwa amesimama, akapiga goti. Damu kweli hamna. Ila kulikuwa na kijifundo cha nywele, vifupi, vimekatwa kama kwa mkasi, na kwenye jani moja la nyasi, usawa wa goti, mpako mwembamba wa kijani kibichi uliochanganyika na kahawia. Akauchukua kwa kidole, akanusa, akaninyooshea na mimi ninuse. Harufu ya majani yaliyochacha. Akasema neno moja tu, "Tumbo." Alafu akakaa chini ya mti akatoa ugoro wake.

Mgeni hakuelewa kwa nini tumekaa wakati mnyama anaenda, na hapo tunaingia kwenye uongo wa tatu, kwamba ukishamjeruhi unatakiwa umkimbize hapohapo. Mnyama wa tumbo akisumbuliwa atakwenda kilomita na kilomita, ana nguvu zote za miguu, mapafu mazima, kinachomuua ni taratibu sana. Ukimwacha atulie, maumivu yatamlaza chini mapema na atakakamaa palepale. Aliyepigwa mapafu nusu saa inatosha na mara nyingi utamkuta kashakufa. Wa ini mpe zaidi ya hapo. Wa tumbo kule nchi za baridi wanamwacha masaa mengi hata usiku kucha, ila kwetu kuna joto, kuna fisi, jua likizama umempoteza, kwa hiyo unapima: unampa muda wa kulala lakini unabakiza mwanga wa kumfuatia. Tofauti ni mguu uliovunjika peke yake, huyo wengi wanamfuata mapema kabla hajazoea kutembea na mitatu, maana hatakufa kwa kungojewa.

Na damu yenyewe inasema. Nyekundu inayong'aa yenye mapovu ni mapafu, utaiona imerushwa pembeni kwenye majani pande zote mbili. Nyekundu iliyokoza inayoelekea weusi ni ini. Damu nyingi sana mwanzoni alafu inapungua pungua mpaka inakata, hiyo mara nyingi ni nyama tupu, paja au bega, na ndo mnyama atakayekutembeza mpaka ulie. Na mbogo wala usimtegemee damu, ngozi yake nene inajibana kwenye tundu, mafuta yanaziba, unaweza ukamfuata mita 200 hujaona tone na huku ndani anavuja.

Basi tulimngoja yule kongoni kama saa moja na nusu, alafu mzee akatangulia. Anatembea pembeni ya nyayo, hakanyagi juu yake hata mara moja, kwa sababu ukipoteza lazima urudi nyuma na kama umeshazikanyaga umerudi kwenye nini? Kila tone la mwisho anavunja kijiti anakichomeka. Tukikwama, mmoja anabaki kwenye kile kijiti na wengine tunazunguka nusu duara kimyakimya mpaka mtu apige mluzi mdogo. Alilala mara tatu. Sehemu ya kwanza aliyolala majani yalikuwa na ule uchafu wa kijani, ya pili kukawa na damu nyeusi kidogo, ya tatu majani yalikuwa bado yanajiinua. Tukamkuta nyuma ya kichuguu, kalala, kichwa kakiinua anatuangalia. Mgeni alimmalizia. Jua lilikuwa limeshagusa miti. Alikaa pale kamshika pembe muda mrefu hajasema kitu, na kwenye gari akamuuliza mkalimani jina la yule mzee, siku tano walikuwa pamoja alikuwa hajawahi kuuliza.

Huyo kongoni, kwa mujibu wa "nimekosa, twendeni", angelala pale na tumbo lililochanika mpaka fisi wamfikie, na fisi hawangoji ufe ndo waanze.

Ndo maana lile neno la "aah, fisi nao wale, porini hakipotei kitu" linanikera. Ni kweli hakipotei, tumbusi watakula, fisi watakula. Lakini wewe ndo uliyefyatua, deni la yale maumivu haliwezi kulipwa na fisi.

Kuna wanaoamini pia kwamba mnyama asipopatikana hahesabiki, eti mteja apige mwingine. Tanzania mnyama aliyejeruhiwa akapotea anahesabika kama aliyeuawa, anaandikwa kwenye leseni na ada yake inalipwa, na askari wa wanyamapori anayeambatana na msafara yupo kwa ajili ya mambo kama hayo. Akiwa mnyama hatari, mbogo, simba, chui, tembo, hapo kumwacha kimya bila kutoa taarifa ni kosa, na mbali na sheria fikiria tu mama anayeenda kuokota kuni asubuhi upande ule. Na akivuka mpaka kuingia hifadhi ya taifa huwezi kujiamulia kumfuata na bunduki, unasimama mpakani, unaweka alama na unawaita wahusika. Wajerumani wamelipa hili jambo uzito kwelikweli, wana mbwa waliozalishwa na kufundishwa kwa kazi hii moja tu ya kufuata damu, na sheria zao za uwindaji zinataka mbwa anayefaa awepo. Sisi mbwa wetu ni macho ya wazee.

Mkumbuke na yule simba Cecil wa Zimbabwe, aliyeuawa na mwindaji Julai 2015, jirani na hifadhi ya Hwange. Dunia nzima ililia kuhusu picha na pesa na kibali, lakini kitu kilichonichoma mimi ni kwamba alipigwa mshale usiku, na watafiti waliokuwa wanamfuatilia kwa kola, ule mkanda wa shingoni wenye kifaa cha kuonyesha alipo, wakakadiria kwamba alikaa kati ya saa 10 na 12 ndo akamaliziwa. Hayo masaa ndo tunayoyazungumzia hapa.

Mshale umenikumbusha Wahadzabe, wale wawindaji wa asili wa Ziwa Eyasi. Watu wanadhani sumu yao inaangusha mnyama papo hapo, kama kwenye sinema. Si hivyo. Sumu yao, inayotoka kwenye mmea unaoitwa waridi wa jangwani, inashambulia moyo, na kwa mnyama mkubwa inachukua masaa. Mhadzabe akishapiga hamkimbizi, anasoma alikoelekea, anarudi kambini, anaita wenzake, alafu wanafuata nyayo pamoja. Wakimpata wanakata ile nyama iliyozunguka mshale wanaitupa, iliyobaki inaliwa. Hawa hawana ada ya serikali wala mwindaji bingwa wa kuwasimamia, ila ukipiga unafuata, na ukishindwa peke yako unaomba watu.

Wenzangu Waislamu nao wananiuliza sana, ukimfuata ukamkuta ameshakufa si kibudu huyo? Ndo maana wengine wanaona hata kumtafuta hakuna faida. Hadithi ya Adi bin Hatim, swahaba wa Mtume, iko wazi, kwenye kitabu cha Bukhari ipo: ukimtupia mshale kwa jina la Mwenyezi Mungu akapotea ukamkuta baada ya siku moja au mbili na hana jeraha jingine ila la mshale wako, kula. Ukimkuta ametumbukia majini usile, maana hujui kama ni mshale au maji yaliyomuua. Na ukimkuta hai, mchinje. Risasi masheikh wengi wameiweka kwenye hukumu hiyohiyo kwa sababu inatoboa. Kwa hiyo dini imekuachia mlango wa kumfuata, usiufunge kwa uvivu.

La mwisho, mbogo. Wanasema ana kisasi, anakuchukia. Mi sijui moyo wa mbogo ila najua anachofanya: anakwenda na upepo nyuma yake, anaingia kwenye kichaka kinene, anazunguka na kusimama pembeni ya njia yake mwenyewe akiangalia kule alikotoka, kule mnakotokea nyie. Ni mnyama aliyeumia anayejilinda. Kwa hiyo mfuata nyayo haangalii chini muda wote na wenye bunduki hawaangalii nyayo kabisa, wao ni macho mbele na pembeni, na wale ndege wanaokaa mgongoni mwake wakiruka ghafla kichakani mnasimama wote. Bunduki iwe .375, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi, au zaidi. Na usiku hamfuati, mnachomeka kijiti kwenye tone la mwisho, mnafunga kitambaa juu ya mti na kurudi alfajiri.

Ukimkuta kalala usimwendee kwa mbele. Unazunguka kwa nyuma, upande wa mgongo, unapiga moja ya kuhakikisha hata kama anaonekana amekwisha, unangoja. Alafu unamgusa jicho kwa fimbo ndefu. Akipepesa, piga tena. Asipopepesa ndo unashusha bunduki.