Mazoezi ya upasuaji kwenye mashine: je, ustadi huo humfikia mgonjwa?

Dhana potofu iliyoenea zaidi ni kwamba mashine ya kuigiza upasuaji ni mchezo wa kompyuta tu, na kwamba mkono haujifunzi chochote mpaka uguse mwili wa binadamu.

Ukweli ni tofauti, hasa kwa upasuaji wa matundu madogo. Hapo daktari hutazama skrini badala ya mikono yake, picha bapa humnyima hisia ya kina, na vifaa virefu huegemea ukuta wa tumbo kiasi kwamba mkono ukienda kushoto, ncha huenda kulia. Ugumu huo ndio hasa ambao mashine huuiga vizuri. Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walieleza jaribio la madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji: waliotangulia kujizoeza kwenye mashine walitenganisha mfuko wa nyongo na ini la mgonjwa halisi kwa kasi iliyowazidi wenzao kwa asilimia 29, na makosa yao yalikuwa takriban sehemu moja ya sita ya makosa ya wenzao. Nchini Denmark, mwaka 2009, madaktari waliojizoeza hivyo waliondoa mrija wa uzazi kwa takriban dakika 12, ilhali wenzao walitumia 24. Na waliopima kazi hiyo kwa video hawakujua nani alipitia mashine na nani hakupitia.

Wapo pia wanaodhani kwamba kinachohesabika ni idadi ya saa za mazoezi. Katika majaribio yote mawili, mwanafunzi aliendelea na mazoezi mpaka afikie kiwango kilichowekwa na wapasuaji wazoefu, na kwa maoni yangu hapo ndipo vyuo vingi hukosea, kwa kupanga ratiba badala ya kiwango.

Kuhusu gharama, si lazima kifaa cha mazoezi kiwe cha hali ya juu: mtihani wa misingi ya upasuaji huu unaodaiwa na bodi ya wapasuaji ya Marekani hufanyiwa kwenye sanduku lenye kamera: kuhamisha vipande vidogo, kukata kitambaa kwa kufuata mstari, kufunga fundo.

Dhana ya mwisho hutoka upande wa wanaoisifu mashine kupita kiasi, wakidai kwamba itachukua nafasi ya mwalimu. Mkono mwepesi haumwambii daktari kwamba damu imezidi na kwamba sasa ni wakati wa kulifungua tumbo. Hilo bado hujifunzwa kando ya bingwa, mgonjwa akiwa mezani.