Presha ya hewa inapopotea angani: maana yake, na kwa nini mhudumu huketi kwanza

Kupotea kwa presha ni pale hewa iliyosukumwa ndani ya ndege inapotoroka kwa kasi kuliko mitambo inavyoweza kuirudisha. Hutokea kwa kishindo, kwa mfano dirisha linapong'oka, au polepole kupitia mpira wa mlango uliochakaa au vali (kilango cha kutolea hewa) iliyokwama ikiwa wazi.

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Ndege ikiwa futi 35,000, presha ndani yake hudumishwa kama ya mahali pasipozidi futi 8,000, na kwenye Boeing 787 ni kama futi 6,000. Yaani abiria wa 787 anapumua hewa inayokaribiana na ya mtaa wa Dagoretti, Nairobi, ilhali nje ya dirisha presha haifiki robo ya ile ya Mombasa na baridi ni kama nyuzi 54 chini ya sifuri. (Ndege ndogo kama Caravan zinazotoka uwanja wa Wilson kwenda Mara hazisukumiwi hewa hivi. Huruka chini kiasi cha abiria kupumua hewa ya nje, kwa hiyo hatari hii haizihusu.)

Presha ikipotea kwenye futi 35,000, mtu ana sekunde 30 hadi 60 za kuweza kujiokoa. Kwenye futi 40,000 ni sekunde 15 hadi 20. Hewa ikitoka ghafla, muda huo hupungua hata kwa nusu, kwa sababu mapafu nayo yanamwaga hewa yake. Baada ya hapo huenda macho bado yako wazi, lakini mikono haifuati tena akili. Tena ukosefu huu wa oksijeni hauumi. Wengine huchangamka, hata kucheka, huku kucha na midomo ikigeuka rangi ya samawati.

Ndiyo maana mhudumu aliyefunzwa vizuri hamkimbilii abiria. Anashika barakoa iliyo karibu, hata kama imening'inia mbele ya kiti cha mtu mwingine, anaivaa, kisha anaketi na kufunga mkanda. Kiti kikikosekana anajibana katikati ya abiria na kushikilia kitu kisichong'oka. Toroli anaifunga breki kwa mguu. Aliye wima akisukuma toroli hutumia oksijeni zaidi ya aliyeketi, hivyo yeye ndiye huanguka kwanza. Upepo wa ghafla nao unaweza kumbeba: tarehe 28 Aprili 1988 paa la ndege ya Aloha Airlines nambari 243 lilipobanduka, aliyefariki alikuwa mhudumu aliyekuwa amesimama kwenye njia ya kati. Abiria anayemwona mhudumu ameketi na kupaza sauti tu, "Vuta barakoa! Funga mkanda!", asidhani ametelekezwa. Mhudumu aliyezirai hatamsaidia mtu yeyote.

Barakoa hudondoka zenyewe presha ya ndani inapofikia ile ya mwinuko wa futi 14,000 hivi. Kosa kubwa hutokea hapa. Katika ndege nyingi, oksijeni hutengenezwa kwa kemikali kwenye kasha lililo juu ya kiti, na kasha haliwaki mpaka barakoa ivutwe kwa nguvu. Anayeishika tu bila kuivuta anapumua hewa ileile hafifu. Likiwaka, linatoa joto kali na harufu ya kuungua, si moto. Mfuko wa plastiki usipovimba, oksijeni bado inapita. Barakoa lazima ifunike pua na mdomo pamoja: picha zilizopigwa ndani ya ndege ya Southwest nambari 1380, tarehe 17 Aprili 2018, zinaonyesha abiria walioziba mdomo huku pua ikiwa nje. Ukungu mweupe unaojaa ghafla nao huogofya, lakini ni unyevu uliopozwa na kushuka kwa presha, hauna harufu, na hutoweka baada ya sekunde chache.

Kwa kawaida safu ya viti vitatu huwa na barakoa nne, ya ziada ikiwa ya mtoto wa kupakatwa. Katika baadhi ya ndege, barakoa hiyo ya ziada iko upande mmoja tu. Mhudumu akimwomba mama mwenye mtoto mchanga ahamie safu nyingine kabla ya kuondoka Nairobi, mara nyingi sababu ni hiyo.

Kasha hutoa oksijeni kwa dakika 12 hivi. Zinatosha, kwa kuwa marubani hushuka haraka hadi futi 10,000, kazi ya dakika chache. Lakini kwetu kuna milima. Mlima Kenya una futi 17,057 na Kilimanjaro 19,341, kwa hiyo ndege iliyo jirani nayo huenda ikalazimika kugeuka au kubaki juu zaidi kwa muda kabla ya kuendelea kushuka. Barakoa haivuliwi mpaka nahodha atangaze.

Presha inayopotea polepole ni mbaya zaidi, kwa maoni yetu, kwa kuwa haina kishindo cha kumwamsha mtu. Ndege ya Helios nambari 522 ilianguka Ugiriki tarehe 14 Agosti 2005 na kuua watu wote 121, baada ya swichi ya presha kuachwa kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono na marubani kuishiwa nguvu. Mhudumu anayesikia mluzi mlangoni, masikio kuziba bila sababu, tumbo kujaa gesi au wenzake wakianza kuongea ovyo, ampigie rubani simu papo hapo. Barakoa zikidondoka na ndege isianze kushuka, hilo peke yake ni sababu ya kuwasiliana na marubani mara moja.

Ndege ikishafika futi 10,000, mhudumu anachukua chupa ya oksijeni ya kubeba. Ya lita 310, ikifunguliwa lita 4 kwa dakika, hudumu dakika 75 na ushee. Anawaangalia marubani, kisha wenzake, kisha vyoo, ambako mtu anaweza kuwa amezirai bila kuonekana, halafu abiria. Kabla ya kumvisha mtu barakoa ya chupa anampangusa rangi ya mdomo au mafuta, kwani oksijeni na mafuta huweza kushika moto. Walio karibu na tundu wanahamishwa. Barakoa zilizodondoka zinaachwa zining'inie, kwa sababu kasha bado lina joto la kuunguza. Nahodha anapewa taarifa fupi: wangapi wameumia, wapi, na uharibifu uko safu gani, ili aamue kama atarudi Nairobi au atatua Mombasa.